Mwanariadha wa kike na joto: Siku tano hazitoshi

Usiku wa Septemba 27, 2019, wanawake 68 walianza mbio za marathoni za ubingwa wa dunia jijini Doha, Qatar. Waandaaji walikuwa wamezisogeza hadi dakika moja kabla ya saa sita usiku ili kuwaepusha wakimbiaji na jua. Hata hivyo, kipimajoto kilionyesha nyuzi 32.7, huku unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70. Waliofika mwisho walikuwa 40 tu.

Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43 na Helalia Johannes wa Namibia akatwaa shaba. Wakimbiaji wote watatu wa Ethiopia, taifa lenye sifa kubwa katika mbio hizo, walijitoa njiani.

Matokeo hayo yalionyesha kwamba kuzaliwa Afrika si kinga dhidi ya joto. Wakimbiaji wengi wa Kenya na Ethiopia hufanya mazoezi nyanda za juu zenye baridi. Iten, kwa mfano, iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na anayekimbia huko alfajiri huhitaji sweta. Hewa nyepesi ya milimani humjenga mkimbiaji kwa namna moja, na joto humjenga kwa namna nyingine. Kila moja lina mazoezi yake.

Mwili unavyozoea joto

Sehemu kubwa ya nishati inayotumiwa na misuli wakati wa kukimbia hugeuka joto. Ili kulitoa, mwili hupeleka damu nyingi kwenye ngozi na kumwaga jasho. Hapo moyo hubebeshwa kazi mbili kwa pamoja, kulisha misuli na kuipoza ngozi, na ndiyo maana mwendo hupungua.

Mtu akifanya mazoezi kwenye joto siku kadhaa mfululizo, mwili hubadilika. Sehemu ya majimaji ya damu huongezeka na mapigo ya moyo hushuka. Haya huonekana mapema, ndani ya wiki ya kwanza. Jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi, likiwa na chumvi kidogo. Mabadiliko haya huchukua hadi wiki mbili kukamilika.

Faida yake hupimika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa waendesha baiskeli waliozoezwa joto kwa siku 10 waliboresha matokeo yao kwa asilimia 8 kwenye joto, na asilimia 6 hata kwenye ubaridi.

Tofauti ya mwanamke

Kwa miaka mingi, utafiti wa aina hii ulifanywa zaidi kwa wanaume. Wanawake waliachwa kando kwa sababu mzunguko wa hedhi ulionekana kuvuruga vipimo, na ratiba zilizopatikana wakapewa wao vilevile.

Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza, walilinganisha jinsia hizo mbili. Wanaume walipata sehemu kubwa ya mabadiliko kwa siku tano, ilhali wanawake walihitaji siku 10 ili joto la mwili na mapigo ya moyo vishuke inavyotakiwa. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, lakini funzo lake kwa makocha ni zito: kambi ya siku tano inayomtosha mwanamume yaweza kumwacha mwanamke nusu njia.

Zipo sababu za kimaumbile. Baada ya yai kupevuka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5, na mwili huchelewa kuanza kutoa jasho. Aidha, joto linapokuwa kali sana, mwanamke kwa kawaida hutoa jasho dogo kuliko mwanamume. Hilo si hasara wakati wote, kwani penye unyevu mwingi jasho jingi hudondoka bure bila kupoza ngozi.

Maandalizi yanayofaa

Wataalamu hupendekeza mazoezi ya angalau saa moja kwa siku kwenye joto, kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kwa mwanamke, ni busara kulenga mwisho huo wa juu. Siku za mwanzo kasi ipunguzwe, kisha ipande polepole. Asiyeweza kusafiri mapema anaweza kutumia chumba chenye joto, sauna, au kuoga maji ya moto baada ya mazoezi.

Kocha na mwanariadha waandike tarehe za hedhi pamoja na joto la mwili la asubuhi, ili kupanda kwa kawaida kwa joto hilo kusidhaniwe kuwa ishara ya maandalizi kushindwa. Faida hupotea kwa takriban asilimia 2.5 kila siku mtu akiondoka kwenye joto. Hivyo maandalizi yakaribiane na siku ya mashindano.

Maji nayo yanywewe kwa kiasi. Utafiti uliofanywa kwa washiriki wa marathoni ya Boston mwaka 2002 ulibaini kuwa asilimia 13 ya waliopimwa walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, hali iliyohusishwa na kunywa maji kupita kiasi. Wakimbiaji wa kasi ndogo na wenye miili midogo, ambao wengi ni wanawake, wako hatarini zaidi.

Dalili zisizopuuzwa

Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, mbio za kwanza za marathoni za wanawake katika historia ya michezo hiyo, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akipepesuka. Madaktari walimwacha amalize kwa kuwa alikuwa bado akitoka jasho. Alipona, lakini leo inafahamika kuwa jasho si uthibitisho wa usalama: mkimbiaji anaweza kupatwa na kiharusi cha joto huku amelowa.

Anayepepesuka, kuchanganyikiwa au kujibu visivyo aondolewe mbioni mara moja na kutumbukizwa kwenye maji ya barafu papo hapo. Apozwe kwanza, ndipo apelekwe hospitali.