Homa ya Newala na viungo vya wanawake wa makamo

Novemba 2023 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya chikungunya, na habari nyingi zilizoandikwa siku zile ziliitaja Tanganyika kwa mstari mmoja tu. Homa hiyo ilisambaa huko, katika uwanda wa Makonde, pande za Newala, mwaka 1952 na 1953. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe akachunguza ilivyoenea, na R. W. Ross akavitenga virusi vyenyewe. Ripoti za wawili wa kwanza zilichapishwa mwaka 1955, na ya Ross mwaka uliofuata. Jina limetoka katika Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Tangu hapo Newala husimuliwa kama mahali pa virusi. Ilistahili kusimuliwa pia kama mahali pa wanawake walioishi na maumivu hayo.

Ushahidi umo katika jambo ambalo Lumsden mwenyewe alilipa uzito, yaani maji. Uwanda wa Makonde hauna mito wala vijito, kwa kuwa mvua ikinyesha huzama mchangani na kutokea chini kabisa, kwenye chemchemi za mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliikuta shida hiyo hiyo. Mwanamke aliteremka bondeni, akajaza mtungi, akaupandisha kichwani mlima mzima. Maji yaliyopatikana kwa jasho namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa ndani siku kadhaa, na humo mtungini mbu aina ya Aedes aegypti akataga mayai. Mbu huyu huuma mchana, na hapendi kwenda mbali na nyumba alimozaliwa. Kwa hiyo aliyebeba maji ndiye pia aliyeshinda jirani na mbu.

Homa yenyewe hupita kwa siku chache, lakini viungo havipoi upesi. Kisiwani Réunion, ambako karibu theluthi moja ya wakazi waliambukizwa mwaka 2005 na 2006, watafiti waliowafuatilia wagonjwa kwa miezi 15 waliona kwamba wenye miaka 45 na kuendelea ndio walioelekea zaidi kubaki na maumivu. Tafiti nyingine zimeonyesha wanawake wakisumbuka kuliko wanaume. Yaweke hayo Newala, msimu wa korosho. Mwanamke wa miaka 50 ameinama chini ya mkorosho, anaokota, anaishika korosho kwa vidole na kuizungusha mpaka iachane na bibo, kisha anachukua nyingine, tangu asubuhi. Kifundo cha mkono kikivimba, kilo anazopeleka ghalani zinapungua.

Mtu anaweza kupinga kwamba mwanamke wa umri huo huumwa viungo hata asipopata chikungunya, maana hedhi inapokoma homoni hushuka na magoti huanza kulika. Hoja hii ni nzito, na aliyeifanyia kazi kwa dhati ni MaryFran Sowers, mtaalamu wa epidemiolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan aliyefariki mwaka 2011. Aliwapima wanawake wale wale mwaka baada ya mwaka, mifupa, homoni na magoti yao, na akawa miongoni mwa viongozi wa utafiti mkubwa wa Marekani uliosajili wanawake 3,302 wenye umri wa miaka 42 hadi 52. Kazi yake iliwezesha kutenganisha yanayoletwa na umri, uzito wa mwili na homoni, badala ya kumwambia kila mgonjwa kwamba ni uzee.

Wengine watasema malaria na vifo vya uzazi vitangulie. Vitangulie, lakini mwanamke aliyevuka salama umri wa kuzaa hapaswi kuachwa hapo, hasa akiwa ndiye anayelima na kulea wajukuu. Na kinachohitajika si cha ajabu. Kingamwili za chikungunya hukaa katika damu miaka mingi, hivyo kipimo cha damu kinaweza kuwatofautisha wanawake waliowahi kuambukizwa na ambao hawajawahi, wa kijiji kimoja, umri mmoja na kazi ile ile ya korosho, kisha wote wakapimwa vifundo na magoti kila mwaka.