Chui wa misitu ya Kongo na mawindo yanayopungua

Kichwa cha chui kimo katika nembo ya taifa ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na timu ya taifa ya kandanda ya nchi hiyo huitwa kwa jina la mnyama huyo. Hata hivyo, ni Wakongomani wachache waliowahi kumwona chui akiwa hai porini. Katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa nchi, hujulikana zaidi kwa nyayo zake, alama za makucha kwenye magome ya miti na kinyesi anachokiacha njiani. Kinyesi hicho ndicho kilichowawezesha wataalamu kujua anachokula, na majibu yake yanaonesha kuwa chui na binadamu wanagombea nyama ileile.

Mwindaji wa kuvizia

Chui, ambaye kwa jina la kisayansi ni Panthera pardus, si mnyama wa mbio ndefu kama duma, ingawa watu wengi huwachanganya wawili hao. Yeye hutegemea kunyemelea. Husogea taratibu, tumbo likikaribia ardhi, hadi abakize mita chache tu kati yake na windo, kisha huruka. Akikosa, hafukuzi mbali. Mnyama mdogo humuua kwa kumng'ata kisogoni. Mkubwa humkaba koo hadi akose pumzi.

Isipokuwa jike mwenye watoto, chui huishi peke yake, na daima huwinda bila msaidizi. Hana mwenzake wa kumsaidia kuangusha mnyama mkubwa, na jeraha moja baya laweza kumwacha bila chakula. Kwa sababu hiyo huchagua kwa uangalifu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa chui hupendelea wanyama wenye uzito wa kati ya kilo 10 na 40, wakiwemo swala pala na pongo. Anaposhindwa kuwapata, hula karibu chochote, wakiwemo panya, ndege, nungunungu na hata samaki. Katika Afrika Kusini mwa Sahara, aina zaidi ya 90 za wanyama zimeorodheshwa kuwa chakula chake.

Msituni si savana

Katika savana, chui huishi pamoja na simba na fisi, ambao humnyang'anya mawindo. Ndiyo maana hupandisha mzoga juu ya mti. Katika hifadhi ya Sabi Sand nchini Afrika Kusini, uchunguzi wa mawindo zaidi ya 2,000 ulibaini kuwa takriban moja kati ya kila matano yaliporwa na wanyama wengine, hasa fisi.

Ndani ya msitu mnene wa Ituri hakuna simba wala fisi, na chui ndiye mwindaji mkuu wa miguu minne. Ratiba yake pia huweza kutofautiana na ya chui wa savana, ambaye huwinda zaidi usiku. Katika msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire, chui waliovishwa kola za redio walionekana kuwinda hata mchana, wakati kima na paa wa msituni wako macho.

Utafiti wa Ituri uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza kwa kina mlo wa chui huyu. Zaidi ya nusu ya mawindo yake walikuwa wanyama wenye kwato, wengi wao nsya, yaani paa wa msituni, na takriban robo walikuwa kima na jamaa zao. Miongoni mwa nsya, mdogo zaidi ni yule anayeitwa mboloko, ambaye hafikishi kilo 10. Mkubwa zaidi, mwenye alama ya njano mgongoni, huweza kupita kilo 60. Chui ndiye pia adui mkuu wa asili wa okapi, hususan ndama wake, kwani okapi mzima huwa na zaidi ya kilo 200.

Wawindaji wawili, nyama moja

Nsya hao ndio ambao jamii za Wambuti na Waefe wamewawinda kwa vizazi vingi, kwa nyavu na kwa upinde. Kilichobadilika ni kiwango. Mitego ya nyaya, bunduki na barabara zimeifanya nyama ya porini kuwa bidhaa ya kuuzwa mijini na katika machimbo ya madini. Aidha, mtego wa waya hauchagui: hunasa nsya, na wakati mwingine humnasa chui mwenyewe.

Athari zake zilipimwa nchini Gabon, katika msitu wa ukanda huohuo wa Kongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulibaini kuwa kadiri eneo lilivyokaribia makazi ya watu, ndivyo mawindo ya chui yalivyokuwa madogo. Mahali palipowindwa sana, chui hawakupatikana kabisa.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu nyepesi. Mnyama wa kilo 25 humshibisha chui kwa siku kadhaa, ilhali mboloko humalizika upesi na kumlazimu kurudi mawindoni. Kwa jike anayelea watoto, safari hizo za ziada ni siku ambazo watoto hubaki peke yao, na zikizidi, hawakui. Kwa hiyo chui anaweza kutoweka bila kupigwa risasi na bila mti hata mmoja kukatwa. Picha za setilaiti zitaendelea kuonesha msitu wa kijani, huku chini ya matawi hakuna anayewinda.

Ulinzi uliopo

Hifadhi ya Wanyamapori ya Okapi, yenye takriban kilomita za mraba 13,700, ilianzishwa Ituri mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mwaka uliofuata iliwekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Biashara ya kimataifa ya ngozi za chui imedhibitiwa vikali na mkataba wa CITES, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, linamtaja kuwa mnyama aliye katika hatari ya kutoweka.

Hatua hizo humlinda chui dhidi ya anayetaka ngozi yake, lakini hazimrudishii windo lililokwisha kuuzwa sokoni. Kwa walinzi wa Ituri, kila mtego wa waya unaoondolewa ni nsya anayebaki msituni, na nsya huyo ndiye riziki ya chui.