Saumu na Tumbo katika Ngara na Biharamulo

Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Karagwe ilikatiza nchi ya Rusubi, ambayo leo imo katika wilaya za Biharamulo na Ngara. Mwingereza Speke alipita huko mwaka 1861, akacheleweshwa na hongo za mtawala Suwarora. Katika misafara ya njia ile walikuwamo Waislamu wa pwani, nao walikuja na saumu yao. Wajerumani walipojenga boma Biharamulo, waliongezeka askari na makarani Waislamu.

Saumu ilifika; nazi haikufika. Pwani mfungaji hufuturu kwa mihogo au magimbi ya tui, na uji wenye pilipili manga. Huku bara ilimbidi alitazame shamba la mwenyeji wake: ndizi, maharage, mtama, ulezi. Maharage ni chakula cha heshima, lakini yakitangulia katika tumbo lililokaa tupu tangu alfajiri hulijaza hewa. Nasema kwa ushahidi. Mwaka wangu wa kwanza wa utumishi Biharamulo nilifuturu kwa sahani ya maharage, nikaswali tarawehe nimejishika ubavu. Jioni ya pili mama mmoja jirani, ambaye hakuwa Mwislamu, aliniletea uji mwepesi wa ulezi, akaniamuru ninywe polepole na nipumzike kabla ya kugusa chakula kizito.

Sababu yaeleweka. Tumbo tupu haliachi kutoa asidi, na uji huliamsha bila kulishtua. Alalaye mara tu baada ya daku huamshwa na kiungulia. Maji nayo hayana budi kunywewa kidogo kidogo usiku. Lugha yetu ina mzaha hapa, kwani afungaye bila kunywa maji ya kutosha hufunga choo pia. Mwenye vidonda vya tumbo ana ruhusa ya mgonjwa, iliyomo katika Kurani, ya kula na kulipa siku nyingine.

Tena kuna jambo la jua. Ngara iko karibu nyuzi 9 magharibi ya Dar es Salaam, na kila uzi mmoja ni dakika 4. Hivyo jua huchwa huko zaidi ya nusu saa baadaye, kama linavyochelewa kucha. Aliyesikia redioni adhana ya magharibi ya Dar es Salaam hakuwa na ruhusa ya kufuturu bado. Mama yule alikwisha kuijua hesabu hiyo bila ramani: adhana ya redio ikisikika, ndipo alipoepua chungu, na magharibi yetu ilipoingia uji ulikuwa umepoa kiasi cha kunyweka.