SUKARI KATIKA KIKOMBE CHETU: HISTORIA TUSIYOIZUNGUMZA



Ndugu wasomaji, hapa Gisenyi jioni yenye baridi ya ziwani haipiti bila chai, na mwezi wa Ramadhani uji wa futari hautiwi mdomoni bila sukari. Watoto wetu hawajui kwamba punje hizi nyeupe ziliwahi kugharimu roho za watu.

Neno sukari tumelitoa katika Kiarabu, sukkar. Miwa asili yake ni New Guinea, na Wahindi ndio waliojifunza mapema kupika maji yake yakawa sukari. Waislamu wakaieneza Misri, Sham na Andalusia. Mwaka 1493 Columbus aliivusha bahari hadi kisiwa cha Hispaniola, katika Karibiani.

Huko ndiko balaa lilikokua. Muwa ukishakatwa lazima ukamuliwe upesi, la sivyo maji yake huchacha. Kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vilizunguka usiku na mchana, na watumwa kutoka Afrika walikufa kwa wingi kiasi kwamba wengine walinunuliwa kila mwaka kujaza nafasi zao. Katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue watumwa walikaribia 500,000 walipoasi mwaka 1791. Tarehe 1 Januari 1804 nchi hiyo ikawa huru, ikaitwa Haiti.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa mbali na hayo? Hapana. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa. Waingereza walipoiteka Mauritius mwaka 1810, miwa ilizidi kuenea kisiwani humo, na watumwa ndio walioilima mpaka utumwa ulipofutwa huko mwaka 1835.

Pangani nako, karne ya 19, palikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu yaliyolimwa na watumwa kutoka bara. Abushiri bin Salim, tunayemsifu kwa kupigana na Wajerumani mwaka 1888 hadi aliponyongwa mwaka 1889, naye alikuwa na shamba la miwa na watumwa.

Tunayaandika haya si kwa kuwavunjia heshima wazee waliotutangulia. Ila mtoto akisoma shuleni kwamba Waislamu nao waliuza watu, asirudi nyumbani akakuta tumenyamaza au tunakanusha. Tumwambie ukweli: walikuwamo, na walikosea. Mizani yetu ni dini, si ukoo. Suratul-Balad imeweka kumkomboa mtumwa kuwa mwanzo wa kuipanda njia ngumu ya kheri, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayemuuza mtu huru na kula thamani yake, Allah mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama.

Basi wazazi, leo jioni mkikoroga chai, wasimulieni watoto kisa hiki. Kisha muwaulize: yule anayetufanyia kazi nyumbani au shambani, tunampa haki yake kabla jasho lake halijakauka?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kula halali na kutenda uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.