Pale Mkono Usipoingia

Juzi nilikwenda Keko, Dar es Salaam, kufuatilia kabati langu. Nikamkuta fundi amechuchumaa, kichwa ndani ya kabati, anachimba nafasi ya bawaba kwenye kona. Mbele ya kimashine chake cha kuzungusha alikuwa amefunga kichwa kilichopinda nyuzi 90.

"Fundi, si ungetumia drili ya kawaida tu?"

"Dada, drili ni ndefu. Humu ndani itakaa wapi?"

Akawasha. Ule mlio ukanisisimua fizi. Nilishausikia mahali pengine: kwenye kiti cha daktari wa meno.

Na kweli, vifaa hivi ni ndugu. Kampuni ya Dremel, iliyovipa jina vimashine vya aina hii, ilianzishwa Marekani mwaka 1932. Lakini kazi yenyewe ya kuchimba kwenye uwazi mdogo ni ya zamani mno. Huko Mehrgarh, Pakistan, wataalamu wa mambo ya kale walikuta magego 11 ya watu 9 yaliyotobolewa kwa ncha za jiwe, zaidi ya miaka 7,000 iliyopita. Magego, siyo meno ya mbele! Yaani tangu mwanzo shida ilikuwa kule nyuma, ambako hata kidole kinapita kwa taabu.

Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alisajili mashine ya meno ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Miaka minne baadaye George Green akasajili ya umeme. Nguvu ikawepo, ila nguvu iliyonyooka haifiki kwenye gego. Ndipo kichwa cha kupinda kinapoingia: gia mbili ndogo zenye meno ya mshazari zinakutana kwenye kona, moja inalala, nyingine inasimama, na mzunguko unageuka njia. Gharama yake ni msuguano na joto. Ndiyo maana fundi wangu alikuwa akipumzika kila baada ya muda na kutia grisi.

Mwaka 1949 John Walsh, wa New Zealand, alikuja na wazo la kuikwepa kona yenyewe: gurudumu dogo likae ndani ya kichwa, lizungushwe na hewa iliyoshindiliwa. Mwaka 1957 Mmarekani John Borden akaingiza sokoni mashine ya namna hiyo, takriban mizunguko 300,000 kwa dakika.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Mwaka 1986 mama yangu alipeleka gego lenye tundu dogo kwenye zahanati moja. Wakamwambia, "Mama, hapa tuna koleo tu." Likang'olewa. Hadi leo anatafunia upande mmoja, na nyama ya kuchoma anamwachia baba.

Kati ya 1957 na 1986 ni miaka 29. Historia za vifaa hutuambia mwaka kifaa kiliposajiliwa. Mwaka kilipomfikia mtu hauandikwi popote. Inabidi umtazame mama yako akila.

Fundi alipomaliza, mlango wa kabati ulifunga vizuri, bila kukwaruza. Nilimuuliza kile kichwa amekipata lini.

"Mwaka jana," akasema. "Kabla ya hapo, kona kama hii nilikuwa namwambia mteja haiwezekani."