Jicho la Sungura na Usalama wa Binadamu: Historia ya Kipimo cha Draize, 1933–2013

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kimaadili kuhusu kutumia wanyama katika majaribio ya bidhaa huelezwa mara nyingi kama mgongano kati ya wanasayansi wasiojali mateso ya wanyama na watetezi wasiojali usalama wa watu. Historia ya kipimo cha Draize, kilichotumia macho ya sungura kupima madhara ya vipodozi na kemikali nyingine, haiafiki mgawanyo huo. Insha hii inajenga hoja kwamba kipimo hicho kilitokana na haja halali ya kuwalinda watu. Kilichozidisha uzito wake kimaadili ni kuendelea kutumiwa kwa mazoea, hata baada ya uwezo wake wa kutimiza lengo hilo kutiliwa shaka.

2.0 Chimbuko la Kipimo

Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 kuhusu chakula na dawa haikugusa vipodozi. Pengo hilo lilidhihirika mwaka 1933, pale Lash Lure, rangi ya kope, ilipowadhuru wanawake walioitumia. Mmoja alipofuka na mwingine akafariki. Serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni. Mwaka 1937 likafuata janga kubwa zaidi. Kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee iliyeyusha dawa ya salfanilamidi katika dayathilini glaikoli, ikakagua ladha, harufu na mwonekano wake, lakini haikupima sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Kosa ambalo kampuni iliweza kushtakiwa kwalo lilikuwa la jina tu: iliiita dawa hiyo elikisiri ilhali haikuwa na alkoholi.

Sheria mpya ya mwaka 1938 iliwataka watengenezaji wa dawa kuthibitisha usalama wake kabla ya kuiuza, na ikapiga marufuku vipodozi vyenye madhara. Hata hivyo, haikuamuru vipodozi vijaribiwe kwa wanyama. Ilitaja lengo, ikaacha njia wazi. Njia hiyo ilipendekezwa mwaka 1944, pale John H. Draize na wenzake wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walipochapisha utaratibu wao. Mililita 0.1 ya kemikali ilidondoshwa katika jicho moja la sungura mweupe. Jicho la pili liliachwa kwa ajili ya kulinganisha. Madhara yaliangaliwa kwa siku kadhaa na kupewa alama, za juu kabisa zikiwa 110. Kati ya hizo, 80 zilihusu konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho.

3.0 Kutoka Kipimo hadi Mazoea

Mvuto wa utaratibu huu ulikuwa katika tarakimu zake: maumivu yaligeuzwa kuwa alama ambayo kampuni na serikali ziliweza kuiweka katika jalada. Lakini alama hiyo ilitegemea jicho la mtazamaji. Mwaka 1971, Weil na Scala walilinganisha matokeo ya maabara mbalimbali zilizopima kemikali zilezile, wakakuta yanatofautiana sana. Aidha, konea ya sungura ni nyembamba kuliko ya binadamu.

Msamiati wa kuhoji mazoea haya ulikuwapo tayari. Mwaka 1959, Russell na Burch walikuwa wamependekeza kanuni tatu: kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao, na kupunguza mateso yao. Kilichokosekana ni msukumo. Msukumo huo ulikuja Aprili 1980, pale Henry Spira alipoongoza kampeni dhidi ya Revlon kwa tangazo la ukurasa mzima katika The New York Times. Spira hakuitaka kampuni iuze bidhaa zisizopimwa. Aliitaka igharimie utafiti wa njia mbadala. Revlon ilitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, na mwaka 1981 kituo cha utafiti wa aina hiyo kikaanzishwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

4.0 Hitimisho

Mwaka 2009, OECD ilikubali vipimo vinavyotumia macho ya ng'ombe na kuku waliokwisha kuchinjwa kwa ajili ya chakula. Mwaka 2013, Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Hata hivyo, udhaifu wa kipimo haujibu swali zima la maadili. Je, kama alama za Draize zingekuwa sahihi daima, mateso ya sungura yangehalalika? Matukio ya 1933 na 1937 yanatusaidia kutenganisha mambo mawili: mgonjwa alihitaji dawa, lakini hakuna aliyelazimika kupaka kope rangi mpya. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bidhaa ipimwe vipi, mtafiti hana budi kuuliza kama haja ya bidhaa hiyo inatosha kumtwika kiumbe mwingine gharama yake.