Mengo Haikumhitaji Shetani

Katika kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, juu ya kilima cha Mengo mjini Kampala, palikuwa na wapiga marimba waliotoa sauti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipiga. Mgeni aliyesimama mbele ya marimba hiyo, amadinda, angeona vibao 12 vya mti wa lusambya vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na watu watatu wameketi kuvizunguka. Masikio yake, hata hivyo, yangempa habari nyingine kabisa: nyimbo mbili au tatu zinapishana kwa kasi, moja inazama, nyingine inaibuka, na akiifuata mikono ya wapigaji ili ajue ni nani anayeupiga ule wimbo wa chini, hampati mtu. Ulaya ilipokutana na jambo la namna hiyo kwenye fidla ilimtaja shetani, na mpaka leo matamasha ya kutisha ya fidla na piano yanaishi kwa jina hilo. Mengo, iliyozungukwa na mizimu na miungu kila upande, haikumtaja yeyote. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, haitokani na imani. Inatokana na jinsi kazi ya muziki ilivyogawanywa, na jinsi aliyeifanya alivyolipwa.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana bila huo hoja haina miguu. Mpigaji wa kwanza wa amadinda hushika fimbo mbili na kupiga mfululizo wake kwa mwendo usiobadilika, mkono mmoja ukirudia noti za mwingine oktava moja juu. Wa pili huketi ng'ambo ya pili na kuingiza mfululizo wake katikati ya mapigo ya mwenzake, kila pigo lake likiangukia penye nafasi tupu. Mifululizo hiyo ikiungana, mapigo hukaribia 600 kwa dakika. Sikio la binadamu haliwezi kuufuata mkono mmojammoja kwa kasi hiyo, kwa hiyo hukusanya noti kwa ujirani wa sauti: za chini huenda na za chini, za juu na za juu. Hapo huzaliwa wimbo uliochanganya noti za watu wawili, usiomo katika kazi ya yeyote kati yao. Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, aliyejifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka Mutesa II, tangu alipofika Uganda mwishoni mwa 1959, aliandika mwaka 1962 makala iliyolipa jambo hili jina la kitaalamu, na tangu hapo vyuo vya muziki duniani vinaijua Kampala kwa ajili ya sauti hizo zisizo na mwenyewe.

Ulaya nayo ilikuwa na sauti zake za namna hiyo. Giuseppe Tartini, fundi wa fidla wa Padua, alisimulia kwamba mwaka 1713 aliota ndoto ambamo shetani alishika fidla yake na kupiga vizuri kupita kiasi. Alipoamka alijaribu kuandika alichokisikia, na sonata hiyo ikabaki na jina la shetani. Kinachosahaulika ni kwamba Tartini huyohuyo alisema kuwa mwaka uliofuata, 1714, aligundua jambo lililomshughulisha maisha yake yote: nyuzi mbili za fidla zikipigwa pamoja kwa nguvu na kwa usahihi, sikio husikia sauti ya tatu, ya chini zaidi, ambayo hakuna uzi ulioitoa. Sauti hiyo ya tatu aliieleza kwa hesabu katika kitabu chake cha 1754. Kwa hiyo mtu mmoja, katika muda wa mwaka mmoja, alikuwa na maelezo mawili ya maajabu ya fidla, moja la ndoto na moja la fizikia. Ndoto ndiyo iliyouzika. Sonata ilichapwa baada ya kifo chake, na ilipofika 1905 mpiga fidla Fritz Kreisler alikwisha kuitengenezea nakala ya fidla na piano, ambayo hadi leo ni nguzo ya programu za aina hii.

Mpiga fidla Niccolò Paganini aliipeleka biashara hiyo mbele zaidi. Aliweza kudonoa nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto huku upinde ukiendelea na wimbo mwingine, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Alipopiga Vienna mwaka 1828, mmoja wa wasikilizaji alidai kumwona shetani akiuongoza mkono wake. London, mwaka 1831, jaribio la kupandisha bei ya tiketi zake maradufu lilizua kelele magazetini, na mwaka huohuo Paganini alilazimika kuandika barua kwa jarida moja la Paris kukanusha porojo kuhusu maisha yake. Alipofariki Nice mwaka 1840, askofu alikataa azikwe katika ardhi ya kanisa, na mwili ukahamishwa huku na huko kwa miaka mingi. Wafuasi wake waliendeleza mtindo. Heinrich Wilhelm Ernst aliuchukua wimbo wa Schubert wa Der Erlkönig, wenye msimulizi, baba, mtoto, zimwi na mwendo wa farasi, akauweka wote juu ya fidla moja isiyo na hata piano ya kuisaidia. Na Camille Saint-Saëns, katika Danse macabre ya 1874, aliagiza uzi wa juu wa fidla ulegezwe nusu hatua ili mauti yasikike kama chombo kilichoharibika.

Ukiviweka vitu hivi pamoja, jambo moja linajitokeza: ni mtu mmoja jukwaani. Hadhira imelipa ili imwone yeye, na masikio yake yanasikia kazi ya watu wawili au wanne. Hesabu haikubali, na penye pengo la hesabu ndipo shetani anapoingia. Anafanya pia kazi ya kibiashara, kwa sababu anayesemekana ameuza roho yake huvuta watu kuliko anayesemekana amefanya mazoezi tangu utotoni. Sidai kwamba Paganini aliubuni uvumi huo. Barua yake inaonyesha ulimkera. Lakini alikuwa mtu wa tiketi, na soko la tiketi lilihitaji hadithi.

Mengo haikuwa na tiketi wala mpigaji wa peke yake. Wanamuziki wa Kabaka walikuwa watumishi wenye nafasi inayojulikana na zamu zao, na baadhi ya kazi zilihusishwa na vijiji maalumu. Wapigaji wa akadinda ya vibao 22, chombo kinachopigwa na watu sita, walitoka Nabbale katika Kyaggwe. Entenga, seti ya ngoma 15 zilizorekebishwa kwa sauti, nayo ilihitaji watu sita, wanne kwa ngoma 12 za wimbo na wawili kwa zile tatu zilizobaki. Aliyeyatazama haya aliona mgawanyo wa kazi kwa macho yake. Sauti ya ziada haikuwa na fumbo la kumtafutia mkosaji, kwani ilikuwa matunda ya watu waliokubaliana nani aingie wapi. Hata kifo hakikukosekana: wimbo mashuhuri wa Ssematimba ne Kikwabanga unawakumbuka watu wawili waliokwenda vitani na wasirudi. Ila wafu hao wana majina na historia. Ni wafu wa kukumbukwa, na wimbo wao hauna haja ya kumtisha msikilizaji ili umshike.

Kuna atakayepinga kwamba naisafisha Buganda kupita kiasi. Je, si kweli kwamba ngoma na ensaasi, zile njuga za kibuyu, zilitumika kuwaita balubaale, miungu ya Buganda? Je, ngoma za kifalme za Mujaguzo hazikuheshimiwa kama viumbe hai, zenye nyumba na maofisa wake? Yote ni kweli, tena mwaka 1879 ujio wa mjumbe wa lubaale Mukasa katika kasri la Mutesa I ulikuwa tukio kubwa la kisiasa, lililompambanisha mmisionari Alexander Mackay na kasri zima. Lakini tazama ni nani anayepandwa. Katika mila ya Buganda roho humpanda mjumbe wake, yule anayesikiliza ngoma. Mpigaji hubaki mfanyakazi, na asipobaki na akili zake ngoma itasimama na roho haitakuja. Ulaya ilimpandisha pepo mpigaji mwenyewe. Na Mujaguzo zina heshima kwa sababu ya ufalme unaokaa ndani yake, wala si kwa sababu ya kasi ya vidole vya mtu. Muziki wa roho na muziki wa ustadi vilikaa katika mji mmoja, pengine ua mmoja, bila mmoja kumwazima mwenzake maelezo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: huenda hizo nyimbo zisizopigwa na mtu ni ugunduzi wa Kubik tu, mgeni aliyekuja na masikio ya Vienna, na Waganda wenyewe hawakuzijali. Jibu limo ndani ya chombo. Yule mpigaji wa tatu wa amadinda, ambaye sijasema kazi yake, huketi mwisho wa marimba na hupiga vibao viwili tu, vile vya juu kabisa viitwavyo amakoonezi. Hana mfululizo wake mwenyewe. Anachofanya ni kusikiliza noti zinazoangukia vibao viwili vya chini kabisa, amatengezzi, kutoka mikono ya wenzake wote wawili, na kuzirudia oktava mbili juu. Kwa maneno mengine, kasri lilimpa mtu kazi ya kudumu ya kuusikia wimbo usiokuwepo na kuufanya uwepo. Nafasi hiyo ilikuwapo kabla Kubik hajafika, na asingeweza kuibuni. Kama kuna ushahidi bora kuliko huo kwamba Waganda walilijua jambo hili na wakalichukulia kama ufundi wa kawaida, sijui utafutwe wapi.

Shetani alifika Kampala baadaye, na alikuja na wageni. Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Mutesa I mwaka 1877, Wakatoliki wa White Fathers mwaka 1879, na ngoma za kienyeji kwa muda mrefu zikawekwa upande wa giza katika mahubiri. Mwishowe makanisa yenyewe yalilegea. Ngoma zikaita waumini kwenye kanisa la Namirembe, na mwaka 1964, mwaka ambao Mashahidi wa Uganda walitangazwa watakatifu, oratorio ya Joseph Kyagambiddwa iliwapigia mashahidi hao muziki uliojengwa juu ya mitindo ya Buganda. Chombo kingine kilichokua wakati huo kinachekesha kidogo katika habari hii: endingidi, fidla ya uzi mmoja yenye kiwambo cha ngozi, iliyoenea Buganda mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa na upinde, ilikuwa na mpigaji wa peke yake, ilikuwa na kila kitu alichokuwa nacho Paganini isipokuwa ukumbi wa tiketi. Ikaishia harusini na kwenye pombe, ikiburudisha watu, bila kumkosesha usingizi askofu yeyote.

Mzunguko huu una mwisho ambao wapenzi wa muziki wa kutisha hawautaji mara nyingi. György Ligeti, mtunzi wa Hungaria, aliposoma maandishi ya Kubik kuhusu muziki wa Buganda na kusikia rekodi za Afrika ya Kati, alianza kuandika vipande vya piano ambamo mtu mmoja husikika kama watu kadhaa wanaokwenda kwa kasi tofauti. Kitabu cha kwanza kilitoka 1985. Kipande cha 13 katika mfululizo huo, cha mwaka 1993, kinaitwa L'escalier du diable, ngazi ya shetani, nacho ni miongoni mwa vipande vigumu kuliko vyote kwa mpiga piano. Jina hilo limetoka katika hesabu, kwenye mchoro wa nambari unaoitwa hivyo, wala si katika ndoto. Mwaka huohuo, tarehe 31 Julai, Ronald Mutebi II alisimikwa Kabaka na Mengo ikapata tena mfalme. Ile sauti ya marimba ilikuwa imefika Ulaya na kupewa jina la shetani, wakati nyumbani kwake kasri lilikuwa limekaa kimya kwa zaidi ya robo karne.

Ukimya huo ndio habari pekee katika simulizi hili inayotisha kwa haki. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri, kasri hilo la Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, wanamuziki wakatawanyika, vyombo vikapotea. Kilichookoka kiliokolewa na wachache: rekodi alizofanya Hugh Tracey mwaka 1950 na mwaka 1952, zile za Klaus Wachsmann wa Jumba la Makumbusho la Uganda, na wanafunzi wa Muyinda. Miaka ya karibuni James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo ameongoza juhudi za kuwafundisha vijana entenga upya. Walimu wa fidla na piano wa Kampala, mnaopanga programu za Tartini na Saint-Saëns, waalikeni vijana hao kwenye jukwaa lenu, muwape nusu ya jioni, na mwekeni mpigaji wa amakoonezi mahali ambapo kila mtu ataiona mikono yake.